Kichwa cha Mwantumu katika Nchi ya Naminami

Kitendawili! Wewe uliyekaa karibu na mlango, nakutegea wewe, wenzako wasikusaidie. Nyumba yangu ina vyumba viwili. Mgeni akija hukaa chumba kimoja tu, kingine hakigusi, lakini mwenye nyumba anakosa pa kulala.

Fikiri. Si panya. Si mkwe, ingawa kwa mkwe umekaribia. Si mtoto mchanga.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Hapana, Morogoro sitaki. Nimepewa na walioshindwa wengi kabla yako, sina tena pa kuuweka. Mombasa nayo baki nayo. Nipe Naminami. Huijui? Mimi naijua, nimefika, nimekula chakula chao, nimesimama mbele ya baraza lao. Nipe huo mji, nami nakupa jibu: ni kipandauso. Kile kichwa kinachoshika upande mmoja, jicho moja na sikio moja, na upande wa pili kinauacha mzima kama hakijauona. Na mwenye kichwa hana pa kukiweka.

Sasa nikae vizuri niwasimulie.

Mjukuu wangu Mwantumu, mtoto wa binti yangu wa mwisho, alichaguliwa kwenda kusoma chuo kikuu cha Naminami, nchi inayosifika kote kwa usawa. Mimi na huyu mtoto ni wake wenza. Ndivyo tunavyotaniana kwetu: mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na mimi ni mke mkubwa niliyechokwa. Utani ni utani, lakini yule mzee wangu anautia ukweli. Akikata muwa, pingili ya chini yenye sukari ni ya Mwantumu. Mimi napewa ya juu, ya kulisha mbuzi. Mtoto alipoacha kupiga simu nikasema nakwenda kumtazama, na mzee akajifungia uani kutwa nzima akisuka kofia ya ukindu, pana kama ungo.

"Jua la huko kali," akasema. "Mke wangu asiungue."

Mimi ninayekwenda kusafiri katika jua hilohilo nikapewa kofia niibebe. Haki ya Mungu, nimeolewa naye tangu sabuni inauzwa kwa mche, hajanisukia hata kipepeo cha kupepea moto.

Safari nitairuka. Safari zote ni moja: mgongo na magoti, na magoti yangu mnayajua. Nilifika.

Watu wa Naminami wanasalimiana hivi: mmoja anasema "Nami!" na mwenzake anajibu "Nami pia!" Nilidhani ni salamu tupu kama salamu zetu, za kuulizana habari na kujibu nzuri hata kama nyumba imeungua. Siyo. Ni sheria, tena ndiyo sheria mama, imeandikwa juu ya lango la mji: MWENZIO AKIPATA, SEMA. Ukiona mtu ana kitu usicho nacho, husemi moyoni kama sisi. Unasimama mbele yake unasema "Nami!" na hapo lazima aje Mlinganishi, ambaye ni afisa mwenye mkasi, mizani na kamba ya kupimia, akilinganishe kitu kile mpaka nyote muwe nacho sawasawa. Kwetu wivu ni aibu, mtu anauficha kama nguo ya ndani. Kwao ni adabu. Asiyekuonea wivu amekudharau.

Mtaa wa kwanza niliopita palikuwa na mwanamke ana uchungu wa kuzaa. Majirani zake, wanawake kwa wanaume, walikuwa wamejilaza kwenye mikeka kandokando ya nyumba wanaguna, na mkunga anakwenda kwa zamu, huyu anamkanda kiuno, yule anamfuta jasho. Mwenye mimba alikuwa karibu na mwisho wa foleni.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Atangoja zamu yake," akanijibu bwana mmoja aliyeshika tumbo.

Mtoto hakungoja. Alipotoka, mkunga alikuwa angali anamkanda shemeji. Nikaona hii nchi ina mambo, nikaharakisha kwenda chuoni.

Chuo chao kizuri, sikatai. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, chini ya bati lililokuwa likitoboka, na niliposimama kwenye lango lile nikaona vioo, maua, ngazi za mawe yaliyosuguliwa, roho iliniuma kama meno. Nikasema, Mwantumu wewe, pingili ya chini na hii pia!

Lakini ngojeni niwaeleze wanavyoishi mle. Usiku mwanafunzi mmoja akiwasha taa asome, mwenzake anaona mwanga dirishani, anasema "Nami!" naye anawasha. Kabla hujafumba jicho bweni zima linawaka. Na hakuna wa kuzima kwanza, maana atakayezima atakuwa amewaacha wenzake wasome peke yao. Mmoja akikosa uji wa asubuhi kwa kukimbilia kitabu, wote wanakosa uji, asije akawa amepata kitu. Mmoja akinywa kahawa kikombe cha pili, birika linazunguka. Darasani taa zao ni zile ndefu za kupepesapepesa. Basi vijana macho mekundu, midomo mikavu. Vichwa vilivyouma havikunishangaza. Nilishangaa vile vichache ambavyo haviumi.

Nilimkuta Mwantumu juani. Alikuwa kwenye foleni ndefu nje ya jengo lililoandikwa CHUMBA CHA GIZA, ameketi chini, kitambaa chenye maji usoni, beseni mapajani. Na kichwa chake, jamani, kilikuwa kimeegemea bega la mwanamke nisiyemjua, mtu mzima kama mimi, anampepea kwa kipande cha boksi.

Nilimwona yule mwanamke kabla sijamwona vizuri mtoto. Nasema kweli.

"Mwantumu! Mke mwenzangu!"

"Bibi," akasema chini kwa chini bila kufunua kitambaa. "Shikamoo. Usipige kelele, nakuomba."

"Marahaba. Mimi hata sijapiga kelele. Huyu nani?"

"Bi Ruzuna. Ndiye mlezi wa bweni letu."

"Karibu, dada," akasema Bi Ruzuna. Basi. Akaendelea kupepea.

Mwantumu akanieleza, maneno yakitoka moja moja kama maji ya mtungi wenye ufa. Kichwa kilimwanza mwaka wa kwanza. Kwanza anaona vimulimuli pembeni mwa jicho, vinakimbia kama bati jipya linavyomemeteka juani. Kisha nusu ya ukurasa inapotea. Anasoma mstari na mwisho wake haupo. Maneno yanamkimbia, anataka kusema daftari anasema sufuria. Halafu kinakuja kichwa chenyewe, nyuma ya jicho la kushoto, kinagonga kama mtu anayetwanga bila kupumzika. Mwanga ni mkuki. Harufu ya vitunguu vikikaangwa inamtapisha. Marafiki wanasema anaringa, haendi kwenye shughuli zao. Mwalimu mmoja alimwona anayumba, akamwuliza amekunywa nini.

"Na umenyamaza mwaka mzima!" nikasema. "Huyu bibi anajua, mimi sijui. Kwa nini hukuniambia mimi, ukamwambia yeye?"

Akainamia beseni. Bi Ruzuna akamshika paji la uso kwa kiganja, kwa namna ileile niliyomshika mimi alipokuwa mdogo, tena mimi ndiye niliyeanza.

Nikatazama foleni nikauliza, "Sasa huko ndani ni gizani, mbona hamwingii?"

Akanijibu msichana aliyekuwa mbele yetu, ameshika miwani ya jua na karanga. Jina lake Mwasiti, wanalala chumba kimoja na Mwantumu. "Kumejaa, Bibi. Nami nangoja."

"Nawe una kipandauso?"

"Nina haki," akasema Mwasiti. "Kichwa cha Mwantumu kinauma, anapewa giza. Mimi nimechoka, nisipewe? Hata mimi kichwa huniuma. Jana kilitaka kuniuma."

Ndipo nikapewa historia ya chumba kile, na naitoa kama nilivyoipewa, sikuongeza chumvi. Zamani chuo kilijenga chumba kimoja kidogo chenye giza na ukimya kwa wenye kipandauso. Wenzao wakawaona wanaingia mchana wakati wengine wako darasani, wakasema "Nami!" Mlinganishi akaja akapima, akakuta ni kweli, wenye kichwa wana giza na wenye afya hawana. Akaamuru kila mmoja aingie. Watu walipokuwa wengi wakaanza kukanyagana gizani, ikabidi iwekwe taa. Walipokaa kwenye taa wakachoka kukaa bure, ikaletwa redio. Kwenye redio na watu, mama wa chapati naye akasema "Nami!" akaweka jiko. Walimu wakaona madarasa matupu, wakahamia mle kufundisha. Nilipochungulia dirishani, Chumba cha Giza kilikuwa na mwanga na makelele kuliko soko siku ya sikukuu, na moshi wa mafuta ya chapati umetanda, na juu ya mlango ule ule maandishi: CHUMBA CHA GIZA, KIMYA TAFADHALI.

"Na mtihani wa mwisho kesho asubuhi unafanyikia humu humu," Mwasiti akasema akimenya karanga. "Kwa sababu ndiyo sehemu tulivu."

Mtihani huo ndio uliomtoa Mwantumu machozi, siyo kichwa. Alikuwa amekosa miwili kwa kulala na beseni. Kwa sheria za chuo akikosa wa tatu anarudishwa nyumbani, na nafasi yake inagawanywa kwa waliobaki. Na kichwa chake, akipata giza la kweli na ukimya kutwa moja, huondoka usiku. Asipopata, kinakaa siku tatu.

"Subiri," nikasema. "Babu yako kanipa dawa." Nikatoa kofia ya ukindu, nikamvika. Kivuli kikamfunika mpaka mabegani. Mwantumu akashusha pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona bega lake limelegea.

Sijui ni nani aliyesema kwanza. Nadhani Mwasiti. "Nami!"

"Nami!" wa nyuma yake.

"Nami! Nami!" foleni nzima, mpaka ndani kwenye chapati.

Akaja Mlinganishi wa Chuo, bwana mrefu, mpole, jina lake Kelembwe, ametanguliza mkasi. Alinipa mkono, akaniuliza habari za nyumbani, akasifu usukaji. Kisha akaifumua kofia ukili kwa ukili, akaukata kamba kamba, akampa kila mtu kipande cha urefu wa kidole. Mwantumu naye akapewa chake. Watu wakaviweka vichwani juani wakaridhika kabisa.

"Sasa wote mna kofia," akasema Kelembwe.

"Hakuna mwenye kofia hapa!" nikamwambia.

"Ndiyo maana ya usawa, mama," akanijibu kwa upole.

Kazi ya mzee wangu kutwa nzima! Na hapo, niwaambie moyo wa mtu ulivyo mchafu, sehemu ndogo ndani yangu ilisema: afadhali, sasa wote hatuna. Kumbe hewa ya nchi ile inaingia mwilini upesi.

Nikamwomba Kelembwe amwonee mtoto huruma, ampe pa kulala gizani leo tu. Akafungua mkoba akaeleza kwamba vichwa navyo vimelinganishwa. Ili pasiwe na mtu anayeumwa kuliko mwenziwe, kila mwanafunzi amepangiwa siku yake ya kuumwa kichwa, na siku hiyo hulala akahudumiwa. Siku ya Mwantumu ilikuwa mwezi uliopita.

"Siku ile sikuumwa," akasema Mwantumu kutoka chini ya kitambaa.

"Hilo ni kosa lako, binti, siyo la ratiba. Ulipewa ukaiacha. Sasa umeumwa nje ya zamu, na kwa kweli baadhi ya wenzako wanaona unajipendelea."

Hapo Bi Ruzuna akafungua mdomo. Mtu huyu nilikuwa nimeanza kudhani ni bubu. "Kuna giza la peke yake," akasema.

Kelembwe akakunja uso. "Lipo kwenye sheria. Halijawahi kutolewa."

"Lipo."

Likaelezwa. Mgonjwa anaweza kupewa giza la peke yake, lisilogawanywa, akimleta barazani shahidi mmoja anayemjua na asiyemwonea wivu. Na katika Naminami yote, tangu mji kujengwa, shahidi wa namna hiyo hajapatikana.

"Mimi hapa," nikasema. "Mimi si mtu wa kwenu."

Kelembwe akatabasamu kama mtu aliyeona mbuzi akijipeleka buchani. Baraza likaitwa papo hapo.

Tulipokuwa tunakwenda, Mwantumu katikati ameshikwa huku na huku, Bi Ruzuna akaniambia pembeni, "Dada, mle ndani kuna neno usiliseme. Usiseme ungeumwa wewe badala yake."

"Kwa nini nisiseme? Kila bibi anasema."

"Kwa sababu hiyohiyo."

Sikupenda kufundishwa namna ya kumsemea mjukuu wangu, tena na yeye. Nikanuna.

Baraza lao ni ukumbi wa taa kali pande zote, ili wasiwepo waliokaa penye mwanga na waliokaa kizani. Mwantumu alipoingia alishika jicho akalia kama paka aliyekanyagwa. Watu wamejaa. Kwanza akasimamishwa Bi Ruzuna, maana ni mlezi wake na anamjua.

"Ruzuna, unamwonea wivu mwanafunzi huyu?" Kelembwe akauliza.

Bi Ruzuna akafikiri. Hana haraka yule. "Natamani kulala mchana," akasema. "Sijapata kulala mchana maisha yangu."

"Hafai!" ukumbi ukasema, tena kwa upendo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikajitengeneza kanga, nikapanda jukwaani. Ngazi zile! Magoti yakalia kama mlango, nikasema kwa sauti, "Haya magoti yangu nayo, mnayaona?" Hakuna aliyenijibu isipokuwa watu wawili watatu waliosema "Nami."

"Bibi mgeni," akaanza Kelembwe. "Hapa ni mahali pa kusema kweli. Unamwonea wivu kwa masomo yake?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini nilitazama zile kuta, nikakumbuka bati letu lililotoboka.

"Namwonea," nikasema.

Ukumbi ukapiga makofi. "Nami!"

"Kwa ujana wake?"

"Namwonea magoti tu. Ujana mwingine nilishautumia."

Wakacheka.

"Kuna mtu anampenda mwanafunzi huyu kuliko anavyokupenda wewe?"

"Yupo, mume wangu!" nikasema, na hapo nilisahau niko wapi, maneno yakanitoka kama maharage gunia likitoboka. "Muwa, pingili ya chini yake! Embe la kwanza la msimu lake! Kofia ile mliyoikata, mimi sijawahi kusukiwa hata kipepeo! Na sasa huyu," nikamwoneshea kidole Bi Ruzuna, "kaja kumshika paji la uso, kazi niliyoianza mimi!"

Watu walisimama kushangilia. Mzee mmoja alilia kwa furaha. Sijawahi kupendwa na umati kiasi kile, wala hapa nyumbani wakati wa harusi yangu. Kelembwe akafunga mkoba. "Shahidi ana wivu wa kutosha mji mzima. Hafai. Tumalizie tu kwa kanuni. Bibi, na kichwa chake je? Kichwa hicho kinachouma, chenye kulaliwa, kupepewa, kukosesha mtihani. Unakionea wivu?"

Nikamtazama Mwantumu. Alikuwa ameegemea nguzo, rangi imemtoka, jicho la kushoto limefumba na linatiririka machozi peke yake, la kulia kavu, linanitazama. Beseni limemdondoka. Na neno likanijia ulimini lenyewe, neno ambalo mama yangu alinisemea, na bibi yangu akamsemea mama: laiti ningeumwa mimi, mwanangu, nikupokee. Lilikuwa tayari kutoka. Kelembwe aliinama kidogo kulipokea, mkasi mkononi.

Ndipo nikaelewa. Ningelisema, wangesikia hivi: anakitaka. Na ukumbi ungepiga makofi, na Mwantumu angerudi kwenye chapati.

Nilimeza lile neno. Lilipita kooni kama mwiba wa samaki.

"Hapana," nikasema. "Kichwa hicho sikitaki."

"Hata nusu yake?"

"Hata nusu. Sijawahi kuumwa hivyo. Sijui kinaumaje. Sikijui kabisa. Ni chake peke yake."

Kelembwe alitazama watu, watu wakamtazama. Katika nchi ile walikuwa hawajasikia mtu akisema juu ya jambo la mwenziwe, mbele za watu, kwamba halijui. Mwasiti alishusha kipande chake cha ukili kutoka kichwani. Mzee aliyelia kwa furaha akajikohoza.

"Kuna mwingine anakitaka?" Kelembwe akauliza ukumbini, sauti haina nguvu. "Anayetaka giza la peke yake ataandikiwa na kichwa chenyewe, kama kilivyo."

Hakuna aliyesema "Nami." Ilikuwa mara ya kwanza, wakaniambia, tangu lango lile lijengwe.

Shahidi asiyekionea wivu kichwa chenyewe alikuwa amepatikana, wakampa giza lake. Ghala la viti vibovu nyuma ya bweni, lisilo na dirisha. Bi Ruzuna akatandika mkeka, akaziba upenyo wa mlango kwa kanga yake. Mimi nikaona, nikavua mtandio wangu nikaziba juu ya kanga yake, ingawa upenyo ulikuwa umeshazibika. Tukakaa gizani kutwa iliyobaki mpaka usiku, mimi upande huu, yeye upande ule, na mtoto katikati. Kila nilipofungua mdomo niseme neno la kumfariji, niliisikia pumzi ya Bi Ruzuna ikipita taratibu, haina neno, na Mwantumu amemgeukia huko. Nikakaa na maneno yangu yamenijaa tumboni kama gesi.

Nilinong'ona mara moja tu. "Mke mwenzangu. Hukunijibu. Kwa nini yeye?"

Lakini alikuwa amelala.

Asubuhi aliamka mwenyewe, akataka uji, akanywa bakuli zima. Jicho limefunguka, maneno yamerudi, daftari akaliita daftari. Bi Ruzuna akamfunga nywele, mimi nikamfungua nikamfunga upya. Kisha nikamsindikiza kwenye mtihani, maana hilo nililitaka liwe langu peke yangu, na Bi Ruzuna akabaki mlangoni wala hakusema "Nami."

Walikuwa wameamua kuhamishia mtihani ghorofani, kwenye ukumbi mkubwa, na taa zile za kupepesa wamezizima, wamefungua madirisha. Sikuuliza ni nani aliyeamuru. Wanafunzi walikuwa wanapanda ngazi, macho mekundu, na wengine walipompita Mwantumu walimpisha.

Katikati ya ngazi akasimama kupumua.

"Vipi kichwa?" nikamwuliza.

"Kimeondoka, Bibi. Lakini kimeniacha mzito. Kama kinu baada ya watu kutwanga kutwa nzima. Nahisi nikitikisika kitarudi."

"Hee, afadhali wewe," nikasema nikishika ukuta. "Hata mimi, ngazi hizi, haya magoti yangu tangu jana..."

Mwantumu akaanza kucheka. Alicheka kidogo kidogo, ameshika kichwa kisitikisike, machozi yakamtoka macho yote mawili.

"Unacheka nini? Mtu mzima anaumwa magoti wewe unacheka?"

"Uliniuliza, Bibi. Kwa nini nilimwambia Bi Ruzuna, sikukwambia wewe."

"Nikakuuliza, ndiyo. Mara mbili. Bado nangoja."

Akanishika mkono, akaubusu, akaweka kiganja changu kwenye paji la uso wake upande wa kushoto, akakiacha hapo kidogo. Kisha akapanda ngazi iliyobaki, na mlangoni akageuka.

"Kwa sababu ningekwambia kichwa, Bibi," akasema, "wewe ungeniambia magoti."